Ukungu katika Udongo wa Mimea ya Ndani: Namna ya Kuuzuia na Kulinda Afya ya Walio Nyumbani

Somo hili linamhusu nani

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Uingereza hutunza mimea ndani ya nyumba. Wapo wanaopanda mrehani na asumini karibu na dirisha kwa ajili ya harufu, wapo wanaopanda mnanaa na mchaichai kwa ajili ya chai, na wapo wenye chungu kimoja tu cha mshubiri waliopewa na jirani. Mimea hii huleta faraja, hasa katika miezi ya baridi ambapo watu hushinda ndani. Hata hivyo, ni katika miezi hiyo hiyo ambapo uso wa udongo huonekana umefunikwa na utando mweupe kama pamba, na chumba huanza kutoa harufu ya uvundo.

Kwa mtu mwenye afya njema, utando huo kwa kawaida hauna madhara makubwa. Kwa mtoto mwenye pumu, kwa mzee mwenye maradhi ya mapafu, au kwa mgonjwa ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, si jambo la kupuuzwa. Ukimaliza kusoma utaweza kuutambua ukungu, kuuondoa kwa usalama na kuuzuia usirudi. Utajua pia ni wakati gani tatizo si la chungu cha maua tena, bali ni la nyumba yenyewe.

Mambo 5 ya kukumbuka

1. Mwagilia pale udongo unapohitaji maji, si kwa kufuata siku za wiki.
2. Chungu kiwe na matundu chini, na kisahani kisiachwe na maji.
3. Usimwage masalio ya chai, maziwa au maji ya mchele kwenye udongo.
4. Mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu asiuondoe ukungu yeye mwenyewe.
5. Ukungu wa ukutani hautokani na chungu cha maua. Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi.

Ukungu ni nini

Ukungu ni aina ya kuvu. Hauna mizizi wala majani, na haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama mimea ifanyavyo. Huishi kwa kula vitu vinavyooza, kama vile majani makavu, vipande vya magome, na mboji ambayo ndiyo sehemu kubwa ya udongo unaouzwa kwenye mifuko madukani. Huzaliana kwa spora, yaani chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani na zimo katika kila nyumba. Kwa sababu hiyo, haiwezekani kuwa na nyumba isiyo na spora hata moja. Linalowezekana ni kuzinyima mazingira ya kuota.

Mazingira hayo ni manne: unyevu usiokauka, chakula kinachooza, hewa iliyotuama, na mwanga hafifu. Yote manne yakikutana juu ya chungu kimoja, utando huonekana katika muda wa siku chache. Ukiondoa unyevu peke yake, mengine matatu hupoteza nguvu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili inahusu maji.

Utautambuaje

Si kila cheupe juu ya udongo ni ukungu. Maji ya bomba ya London na ya kusini-mashariki mwa Uingereza yana chokaa nyingi, na mbolea nazo zina chumvi. Maji yanapokauka, chokaa na chumvi hubaki juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu.

Chukua kijiti ukiguse polepole. Kikiwa kigumu, kinavunjika kama ganda na hakina nyuzi, hiyo ni chokaa au chumvi. Kikiwa laini, chenye nyuzi kama pamba au utando wa buibui, na udongo chini yake umelowa, huo ni ukungu. Mara nyingi huwa mweupe, lakini waweza pia kuwa wa kijivu au wa kijani.

Wakati mwingine huota uyoga mdogo wa rangi ya manjano. Uyoga huu haushambulii mmea, lakini ni sumu ukiliwa. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, ung'oe mara tu uuonapo, uutie kwenye mfuko na kuutupa. Mtoto akiula, hifadhi kipande kilichobaki na piga simu 111 bila kungoja dalili. Akipata shida ya kupumua, akizimia au akipata degedege, piga 999.

Kwa nini tatizo huzidi huku ugenini

Wengi wetu tulijifunza kumwagilia maua tukiwa pwani. Huko jua ni kali, upepo wa bahari haukatiki, na chungu kilichomwagiliwa asubuhi huweza kukauka kabla ya jioni. Mchana wa Zanzibar huwa na takriban saa 12 mwaka mzima. Mchana wa London mwezi Desemba huwa na takriban saa 8 tu, na mara nyingi jua lenyewe hufichwa na mawingu.

Mmea usiopata mwanga wa kutosha hukua taratibu, na mmea unaokua taratibu hunywa maji kidogo. Madirisha nayo hufungwa kwa kuogopa baridi, nguo huanikwa ndani, na mvuke wa jikoni hubaki humo humo. Mtu akiendelea kumwagilia kila siku kama alivyozoea, maji hayana pa kwenda. Hujaza nafasi za hewa zilizomo katika udongo, mizizi ikakosa pumzi na kuanza kuoza. Ukungu unaouona juu ni dalili tu, kwani hasara kubwa inaendelea chini.

Namna ya kuzuia ukungu

*Maji.* Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo kwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Ukihisi ubaridi na udongo ukaganda kwenye kidole, ngoja. Ukiwa mkavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Njia nyingine ni kukinyanyua chungu, kwani kilicholowa huwa kizito na kilichokauka huwa chepesi, na mkono hujifunza tofauti hiyo upesi. Kumbuka kwamba mimea haifanani. Mnanaa hupenda udongo wenye unyevunyevu kidogo wakati wote, ilhali mshubiri hutaka udongo ukauke kabisa kabla ya kupewa maji tena, na wakati wa baridi unaweza kukaa wiki kadhaa bila kumwagiliwa.

Waweza pia kumwagilia kutokea chini. Kiweke chungu ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita chache kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kisha kitoe na ukiache kichuruzike. Kwa njia hii mizizi hupata maji, na uso wa udongo haulowi sana.

*Chungu.* Kiwe na matundu chini. Chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi hupitisha unyevu kwenye kuta zake, hivyo hukauka upesi kuliko cha plastiki. Wapo wanaotia kokoto chini ya udongo wakidhani kwamba maji yatachuruzika vizuri zaidi. Ukweli ni kinyume chake: maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, bali husimama juu ya kokoto hizo na kuiloweka mizizi. Ni afadhali kuchanganya changarawe ndogo au perlaiti ndani ya udongo wote. Unapohamisha mmea, chagua chungu kinachozidi cha zamani kwa sentimita 2 hadi 5 tu kwa upana. Chungu kikubwa kupita kiasi hubeba maji ambayo mizizi midogo haiwezi kuyanywa.

*Chakula cha ukungu.* Okota majani yaliyodondoka kila wiki. Desturi ya kumwaga masalio ya chai ya maziwa, majani ya chai, maji ya kuoshea mchele au maganda ya matunda kwenye maua ina nia njema, na bustanini huenda isilete tatizo, kwa kuwa huko wamo minyoo na wadudu wengi wa kuyala. Ndani ya chungu kidogo, sukari, maziwa na wanga huo huwa karamu ya ukungu na huwavuta vijidudu weusi warukao.

*Hewa na mwanga.* Usibananishe vyungu pamoja. Acha nafasi ya upana wa kiganja baina ya kimoja na kingine, na visogeze karibu na dirisha lenye mwanga. Fungua dirisha kwa dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, hata wakati wa baridi. Funika sufuria unapopika, washa feni ya kutoa hewa ya jikoni na bafuni, na funga mlango wa chumba unachoanikia nguo huku dirisha lake likiwa wazi kidogo. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa hakigharimu fedha nyingi, na unyevu wa nyumbani unafaa uwe baina ya asilimia 40 na 60.

*Mfuko wa mboji.* Mfuko uliofunguliwa ufungwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu. Mboji iliyolowa ikiwa bado mfukoni huja na ukungu wake tayari.

Namna ya kuuondoa kwa usalama

Kazi hii ifanywe na mtu mwenye afya njema, nje ya nyumba au kwenye roshani. Ikiwa hakuna nafasi nje, ifanyike karibu na dirisha lililo wazi, mlango wa chumba ukiwa umefungwa na watoto wakiwa mbali.

1. Vaa glavu na barakoa inayokaa vizuri usoni.
2. Nyunyizia maji kidogo juu ya utando ili spora zisiruke. Usiupulize, usiufagie ukiwa mkavu, na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi.
3. Chota tabaka la juu la udongo, sentimita 2 hadi 3, kwa kijiko ambacho hakitatumika tena kwa chakula.
4. Tia udongo huo kwenye mfuko, ufunge, na uutupe kwenye pipa la taka.
5. Futa chungu kwa nje na uoshe kisahani kwa maji ya moto na sabuni.
6. Acha udongo uliobaki ukauke kwa siku kadhaa mahali penye mwanga, kisha ongeza tabaka la mboji mpya iliyo kavu.
7. Vua glavu na nawa mikono kwa sabuni kwa muda wa sekunde 20.

Ukungu ukirudi baada ya wiki chache, toa mmea chunguni na utazame mizizi. Mizizi mizima huwa migumu na yenye rangi nyeupe au ya maziwa. Iliyooza huwa laini, ya kahawia, na hunuka. Kata iliyooza, osha chungu, na upande upya katika udongo mpya. Mizizi yote ikiwa imeoza, mmea hauwezi kuokolewa, na ni vyema kuutupa pamoja na udongo wake.

Usimwage jiki au dawa nyingine ya klorini kwenye udongo, kwani huua mizizi na mvuke wake huudhi mapafu. Kamwe usichanganye dawa hiyo na siki wala na sabuni yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Unga wa mdalasini, ambao wengi husifu, hauondoi unyevu uliouleta ukungu, na ukipeperuka huweza kumkohoza mwenye pumu.

Nani achukue tahadhari zaidi

*Mwenye pumu au mzio.* Spora za ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kuamsha pumu. Vyungu visiwekwe katika chumba anacholala. Akihitaji dawa ya kuvuta mara nyingi zaidi ya kawaida, au akiamka usiku kwa kukohoa, amwone daktari.

*Mwenye kinga dhaifu.* Hapa wanaingia wanaotibiwa saratani kwa dawa kali, waliopandikizwa kiungo au uboho, na wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili. Udongo wa vyungu huweza kubeba kuvu iitwayo Aspajila, ambayo kwa mtu mzima haileti shida, lakini kwa wagonjwa hawa huweza kushambulia mapafu na kuhatarisha maisha. Ndiyo sababu wodi nyingi zinazowahudumia haziruhusu mimea ya vyungu. Mgonjwa anaporudi nyumbani, iulizeni timu ya matibabu kuhusu mimea kabla hajafika.

*Anayeshughulika na mboji.* Mboji huweza kuwa na bakteria wa jamii ya Lejionela wanaosababisha homa ya mapafu. Mwaka 2013 wagonjwa kadhaa waliripotiwa Scotland baada ya kushika mboji. Maambukizi haya ni nadra, lakini kinga yake ni rahisi: fungua mfuko polepole ukiwa umeuelekeza mbali na uso, mahali penye hewa, na unawe mikono kabla ya kula au kuvuta sigara. Ukipata homa, kikohozi na kubanwa pumzi ndani ya siku chache baada ya kazi hiyo, mweleze daktari kwamba ulishika mboji.

Chungu si ukuta

Inaaminika sana kwamba mimea husafisha hewa ya nyumba. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa shirika la NASA la Marekani wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Katika chumba cha kawaida, vyungu vichache haviwezi kuchukua nafasi ya dirisha lililofunguliwa.

Vivyo hivyo, vyungu vichache havitoshi kueleza ukungu mweusi unaotanda kwenye kona za kuta na dari. Huo hutokana na nyumba isiyopitisha hewa, isiyopata joto la kutosha, au inayovuja. Ukiambiwa utupe maua yako ndipo ukuta upone, usikubali jambo liishie hapo.

Mwezi Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka 2, alifariki dunia mjini Rochdale. Mwezi Novemba 2022, msimamizi wa uchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba kifo chake kilitokana na maradhi ya kupumua yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kwa mara. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa wapangaji wa nyumba za kijamii. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu wenye hatari kubwa huchunguzwa ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba hufanywa salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika.

Kwa hiyo, piga picha zenye tarehe, andika barua au ujumbe, taja mgonjwa au mtoto aliyemo ndani, na uhifadhi nakala. Ukiwa umepanga kwa mtu binafsi naye hachukui hatua, wasiliana na idara ya afya ya mazingira ya halmashauri yako.

Maswali ya kujipima

*1. Bibi mmoja humwagilia mnanaa na mshubiri kila Jumamosi, kikombe kimoja kila chungu. Mnanaa umenyauka na mshubiri umeota ukungu. Kosa ni nini?*
Amefuata siku badala ya kupima udongo. Mnanaa ulikauka kabla ya Jumamosi, na mshubiri ulikuwa bado umelowa.

*2. Mama ametupa vyungu vyote, lakini mwanawe mwenye pumu bado anakohoa usiku, na kona ya chumba ni nyeusi. Afanye nini?*
Ampeleke mtoto kwa daktari, na siku hiyo hiyo amwandikie mwenye nyumba kuhusu ukuta, akiambatanisha picha. Mtoto ahamishiwe chumba kingine ikiwezekana.

*3. Mzee anayetibiwa saratani amerudi nyumbani, na wageni wamemletea ua la chungu. Mtafanyaje bila kuwavunjia heshima?*
Lipokeeni kwa shukrani mlangoni, kisha mlipe jirani alitunze. Wageni wakielezwa sababu wataelewa, na watakaofuata watauliza kwanza.

Ukihitaji msaada

Unapokwenda kwa daktari au unapopiga simu 111, una haki ya kupewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mwombe mhudumu mapema, wakati wa kuweka miadi. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wako katika mambo ya maradhi. Tafadhali msomee somo hili jamaa au jirani asiyeweza kusoma, hasa yule aliye na mgonjwa nyumbani.